Namba Zilizopanda Saa Kumi

Kwa miaka ishirini na mitano yule bwana alikuwa na kazi moja tu: kupima hewa. Kila asubuhi alifika kituoni, akavua viatu, akavaa kandambili za ofisini, akaingia chumba cha mashine kwa adabu kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Watu wa mji uliokuwa chini ya kilima walimwita Bwana Upepo, na wengi wao waliamini kwamba serikali ilimpandisha kule juu kwa sababu hapakuwa na ofisi nyingine iliyokubali kukaa naye.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa na meza, birika la umeme na kabati lisilofungika mpaka ulipige teke. Cha pili kilikuwa na mashine, kubwa kama friji, iliyonguruma bila kupumzika. Mashine hiyo ilinyonya hewa ya nje kwa bomba jembamba la plastiki lililopenya ukutani, ikaichuja, ikaimulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, kisha ikatoa namba. Namba ilieleza, katika kila chembe milioni moja za hewa, ni ngapi zilizo za hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda na misitu inayochomwa, ile inayolishikilia joto la dunia lisitoroke kurudi angani.

Siku alipoanza kazi namba ilikuwa mia tatu sitini na tisa. Sasa ilikuwa mia nne ishirini na nne. Haikupanda moja kwa moja. Kila mwaka ilishuka kidogo misitu na mashamba yalipochipua na kuivuta hewa ile, kisha ikapanda tena majani yalipokauka na kuoza, ikawa kama kifua cha mtu anayepumua, ila kila pumzi iliishia juu kidogo kuliko ya mwaka uliotangulia. Bwana Upepo alikuwa akiuchora mstari huo kwa mkono kwenye karatasi za mirabaraba alizobandika ukutani. Mstari ulianzia usawa wa goti. Miaka ikapita, ukafika kifuani, ukapita kichwa, na mwaka juzi ukafika darini. Hakukata tamaa. Alileta ngazi, akabandika karatasi darini, akaendelea kuchora huku kichwa amekitupa nyuma kama mtu anayetiwa dawa ya macho.

Basi mwaka huu ulikuja upepo mkali ambao hata wazee hawakuwahi kuuona. Mchana mmoja tu ulibeba vitu viwili: mlingoti wa kituo, uliokuwa na urefu wa mita thelathini na ndio uliobeba mdomo wa bomba, na paa la nyumba ya mama mkwe wa Bwana Upepo.

Kuhusu mlingoti, makao makuu walimwambia ajaze fomu. Akajaza. Wakamwambia hizo ni fomu za ng'ambo ya pili ya karatasi, ajaze za upande huu. Akajaza. Wakanyamaza. Kwa hiyo akaufunga mdomo wa bomba kwenye nguzo ya mbao nyuma ya kituo, usawa wa kifua cha mtu, akauvika mpare wa plastiki, kama ule wa kumiminia mafuta ya taa, uzuie mvua, akasubiri.

Mama mkwe hakuhitaji fomu. Alifika jioni ileile na masanduku mawili, redio, na kuku mmoja aliyekuwa bado ameduwaa.

Alikuwa bibi wa miaka sabini na minane, mwembamba, mwenye sauti ya kukata mbao. Lakini mbele ya mkwe wake sauti hiyo aliikunja akaiweka mfukoni. Kati ya wawili hao kulikuwa na heshima nzito mno, kiasi kwamba hawakuweza hata kuombana chumvi bila kuzunguka. Chakula cha usiku kilikuwa hivi:

"Umeshindaje, baba?"

"Salama, mama. Na wewe?"

"Salama tu."

"Chai imekutosha?"

"Imenitosha, baba. Asante."

Kisha vijiko tu vikigonga sahani.

"Ninyi wawili mnazungumza kama matangazo ya vifo," mke wa Bwana Upepo aliwaambia. Yeye alikuwa fundi cherehani na hakuwa na muda wa kumung'unya maneno. "Mama, nyumba hii ni yako. Kama kuna jambo linakukera, sema."

"Mimi? Nikerwe na nini?" mama mkwe akajibu, macho yake yakiwa meupe kama ya malaika.

Wiki tatu baadaye mambo yakaanza.

Jumatatu moja Bwana Upepo alikuwa akikagua takwimu akaona mwiba. Siku nzima mstari ulikwenda vizuri, mia nne ishirini na nne, mia nne ishirini na nne, halafu saa kumi na dakika tano alasiri ukaruka mpaka mia sita arobaini. Dakika ishirini baadaye ukarudi chini kama hakuna kilichotokea. Akafuta miwani, akatazama tena. Mwiba ulikuwa palepale.

Jumanne, saa ileile, mia tisa na kumi. Jumatano, elfu moja na hamsini.

Hakula chakula cha mchana wala cha usiku. Alimshuku mlinzi wa kituo, aliyekuwa na jiko la mkaa nje ya kibanda chake, akalihamishia chini kabisa ya kilima, na mlinzi akawa anateremka robo saa kwenda kuchemsha maji na kupanda robo saa nayo yakiwa yamepoa. Aliwashuku mbuzi wa jirani, akawafukuza, mbuzi wakarudi, akawafukuza tena mpaka mmoja akamzoea akawa anamfuata. Mwishowe aliishuku mashine, jambo lililomuuma kama kumshuku mke. Akaifungulia mtungi wa hewa iliyopimwa kiwandani, ambayo kiasi chake kilijulikana hasa. Mashine ikasoma barabara, bila kukosea hata tarakimu moja. Akaiomba radhi.

Makao makuu nao wakaziona namba. Barua pepe ya kwanza ilisema: "Tafadhali hakiki." Ya pili ilisema: "Je, kuna mlima wa moto karibu nanyi?" Bwana Upepo akatoka nje akatazama pande zote nne, ili ajibu kwa uaminifu, akaandika: "Hapana."

Alhamisi akaamua kubadilisha chujio. Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Alifungua kikopo kidogo kilichokuwa pale bomba linapoingia ukutani, na mara mashine ikasema:

"Suruali ile."

Bwana Upepo akaruka, kandambili moja ikabaki chini.

"Suruali ile," ikasema tena, kwa sauti nyembamba kama redio iliyofungiwa ndani ya sufuria. "Mke fundi cherehani, mume makalio yana viraka viwili. Viwili! Kimoja cha kijivu, kingine cha maua. Akiinama mbele yangu naona bustani."

Bwana Upepo akajishika nyuma bila kutaka.

"Na chai anavyoivuta! Mpaka kikombe kinaomba msaada. Nimekaa pale natabasamu, 'imenitosha, baba,' kumbe masikio yananiwasha."

Aliitambua sauti. Akanyata kwa kandambili moja mpaka kwenye kidirisha cha nyuma, akachungulia. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kigoda, ameushika mpare wa plastiki kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika uso wa mtoto, midomo karibu izame ndani, akimwaga yote yaliyomjaa kifuani. Na pumzi ya mtu, kama Bwana Upepo alivyojua vizuri, ina hewa ya ukaa mara mia zaidi ya hewa ya nje.

Alirudi akaketi, akashika tama. Kumwambia aache kungekuwa kukiri kwamba amesikia. Mkwe amweleze mama mkwe kwamba amemsikia akizungumzia makalio yake? Afadhali kilima kibomoke. Akafikiri kwa muda mrefu, akapata njia iliyompendeza kwa sababu ilikuwa ya kisayansi: akiziondoa sababu za malalamiko, malalamiko yatakwisha, malalamiko yakiisha, namba itashuka.

Ijumaa akavaa suruali mpya yenye mkunjo wa pasi.

Saa kumi namba ikapanda mpaka elfu moja na mia mbili. Akafungua kikopo, akatega sikio.

"Asante," lilisema bomba, kwa sauti ya mtu aliyeguswa. "Asante sana. Sikutegemea kama ungefanya haraka hivi. Sasa, kuna habari ya chai."

Jumamosi Bwana Upepo akanywa chai kimya kimya kama mwizi. Jumapili, baada ya kusikia mengine, akaacha kupiga mluzi anaponyoa ndevu. Jumatatu akaacha kuzungumzia hewa mezani, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote, maana hakuwa na mazungumzo mengine. Alizoea kuhesabu maisha kwa namba zake. Alioa hewa ikiwa mia tatu sabini na tatu. Binti yake alizaliwa kwenye mia tatu sabini na nane. Usiku wa kwanza mama mkwe alipohamia alimwambia kwa furaha, "Mama, wewe ulizaliwa hewa ikiwa mia tatu na kumi tu!" na bibi wa watu akadhani anaambiwa amezeeka.

Sasa alikaa mezani na suruali yake ya mkunjo, ameziba mdomo. Mke wake akamtazama siku ya kwanza, akamtazama siku ya pili. Siku ya tatu akamvuta chumbani.

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Suruali mpya. Ndevu safi. Adabu mezani. Huyo mwanamke ni nani?"

"Mke wangu, ni mambo ya kazi."

"Kazi gani ya kupima hewa inataka pasi?" Akatoka na kuubamiza mlango, na tangu siku hiyo chai ya Bwana Upepo ikawa haina sukari.

Mama mkwe, kwa upande wake, alikuwa amepata jambo kubwa mno kuliweka peke yake. Akateremka mjini akamnong'oneza shoga yake, muuza mboga. "Usimwambie mtu," akasema. "Liko bomba kule juu. Unaliambia shida yako, kesho imetatuka. Mimi limeshanitatulia nne."

Muuza mboga akapanda kilima mbio, akaomba mvua, maana mchicha wake ulikuwa umelala chini kwa kiu. Usiku ule mvua ikanyesha. Ilikuwa imetangazwa redioni tangu asubuhi, lakini nani alikumbuka hilo? Muuza mboga hakumwambia mtu yeyote isipokuwa wateja wake.

Mpaka mwisho wa wiki palikuwa na foleni. Mlinzi alijipa cheo cha mpanga foleni, akagawa vizibo vya chupa vilivyoandikwa namba, akaleta viti vya wajawazito na wazee. Fundi baiskeli aliomba mke, "asiwe mrefu kuliko mimi, au akiwa mrefu, basi awe mpole." Kinyozi aliomba kinyozi mwenzake wa ng'ambo ya barabara ahame. Mama mmoja alileta kifaranga mgonjwa akakishika mbele ya mpare ili kijieleze chenyewe. Mama mkwe alikaa pembeni kama mwenye mali, akielekeza, "Usogee karibu. Toa pumzi. Bomba halipendi watu wanaong'ata maneno."

Ndani, Bwana Upepo alishika kichwa. Elfu mbili. Elfu mbili na mia nane. Jumapili, elfu tatu na mia sita. Mstari ungeendelea kuchorwa kwa mkono ungetoka darini, ukapita paani, ukafika mawinguni. Kwa miaka yote ile hakuwahi kukosa usomaji wa siku moja, hata alipougua matubwitubwi, na sasa takwimu zake zilikuwa zimejaa mahitaji ya fundi baiskeli.

Ikaja barua pepe ya tatu. Mtaalamu mmoja wa makao makuu alikuwa amehitimisha kwamba kilima kinavuja gesi kutoka tumboni mwa dunia, na wakazi wako hatarini. Mkaguzi angefika Jumatano.

Jumanne usiku, mezani, Bwana Upepo alipiga moyo konde.

"Mama," akasema. "Kuna habari ya lile bomba."

"Bomba lipi, baba?"

Akayatazama yale macho ya malaika. "La… la maji. Linavuja."

"Pole, baba."

"Asante, mama."

Mke wake akamsogezea chai isiyo na sukari.

Jumatano saa kumi foleni ilikuwa imefika kwenye kibanda cha mlinzi. Fundi baiskeli alikuwa amerudi kueleza kwamba ameona msichana mmoja lakini ni mrefu na si mpole. Ndipo kwenye kona ya kituo akatokea kiumbe mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, mwenye macho makubwa ya vioo na pua kama ya ngiri, akipumua fuuu, haaa, fuuu, haaa, mkononi ameshika kisanduku kinachopiga kelele.

Muuza mboga alikuwa wa kwanza kumwona. "Mwenye bomba amekuja!" akapiga ukelele.

Watu wakakimbia. Kinyozi alipita juu ya fundi baiskeli. Mlinzi, aliyeapa kukilinda kituo kwa maisha yake, alipita juu ya wote wawili. Vizibo vilitawanyika chini kama mahindi ya kuku. Kufumba na kufumbua, nyuma ya kituo palibaki kigoda, mpare, na mama mkwe aliyeketi vilevile.

Kiumbe kikamsogelea. "Haaa," kikasema.

Mama mkwe akakipima kwa macho juu mpaka chini. "Foleni inaanzia kule," akasema. "Na ukija mbele ya watu, uje na uso wako."

Kiumbe kikavua pua. Ndani yake alikuwamo dada mmoja wa miaka kama thelathini, uso umelowa jasho, nywele zimelala upande mmoja. Alikuwa mkaguzi. Akakitazama kisanduku chake: pale aliposimama kilisoma mia nne ishirini na nne. Akakisogeza kwenye mpare. Elfu mbili. Akakirudisha. Mia nne ishirini na nne.

"Shikamoo, bibi," akasema polepole. "Samahani, ulikuwa unafanya nini na hili bomba?"

"Marahaba. Nilikuwa nazungumza nalo."

"Kuhusu nini?"

"Hiyo ni kati yangu na bomba."

Wakati huo Bwana Upepo alikuwa ameshatoka, na hapakuwa na pa kujificha tena. Akasimama mbele yao kama mtoto aliyevunja sahani, akaeleza yote: mpare, kikopo cha chujio, pumzi, miiba ya saa kumi. Aliyaeleza akiitazama ardhi.

Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulikuwa unasikia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Kuanzia suruali."

Nyuma yao kikalipuka kicheko. Mke wa Bwana Upepo alikuwa amepanda kilima baada ya kukutana na mlinzi akikimbia, na alikuwa amesikia ya kutosha. Alicheka mpaka akakaa kwenye majani. "Kumbe mwanamke mwenyewe ni mama yangu!" akasema, akipangusa machozi. "Nami nimemnyima mtu sukari wiki nzima!"

Lakini mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameondoa mikono kwenye mpare, ameiweka mapajani. Sauti ilipotoka haikuwa ile ya kukata mbao.

"Baba, hii hewa ya ukaa ndiyo ile unayosema inaipasha dunia joto?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimeipandisha mpaka elfu. Kwa mdomo wangu. Ina maana nimeiharibu dunia nikizungumzia suruali?"

Hapo Bwana Upepo akasahau aibu yake yote. "Hapana, mama! Hata kidogo! Njoo." Na kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wake, akamshika mkono, akamwingiza chumba cha mashine bila hata kumvua viatu.

Akamketisha mbele ya ukuta. Akamweleza kwamba pumzi ya mtu haina hatia. Ukaa unaotoka kinywani umetoka kwenye chakula, chakula kimetoka kwenye mmea, na mmea uliuvuta ukaa huo hewani msimu uleule. Ni safari ya kwenda na kurudi, haizidishi kitu. Taabu inatoka chini ya ardhi. Makaa ya mawe na mafuta ni miti na vidudu vya baharini vilivyozikwa mamilioni ya miaka iliyopita pamoja na ukaa wao, na sasa watu wanavifukua na kuvichoma kwa muda mfupi kama kupiga chafya.

"Wapo watu wanaotoboa barafu ya zamani huko kwenye ncha za dunia," akasema, akichangamka. "Ndani yake mna viputo vya hewa ya kale. Wamehesabu kurudi nyuma miaka laki nane. Hewa ya ukaa ikishuka mpaka mia na themanini au karibu na hapo, dunia inafunikwa na barafu nyingi. Ikipanda mpaka karibu mia tatu, inapata joto. Imekwenda hivyo juu na chini, taratibu, maelfu kwa maelfu ya miaka, na katika muda wote huo haikuwahi kuvuka mia tatu na kidogo."

Mama mkwe akaufuata mstari kwa macho, kutoka gotini hadi kifuani, hadi juu ya kichwa, hadi darini. Shingo ikamlia ko. "Na mimi nilizaliwa wapi hapo?"

"Wewe mama uko chini ya sakafu."

Safari hii hakuona kwamba ametukanwa. Akatazama sakafu, akatazama dari. Kisha akasema, "Nilipokuwa msichana tulivaa sweta mpaka saa nne asubuhi, mwezi huuhuu. Na chemchemi iliyokuwa nyuma ya shule haikukauka hata mara moja. Nilidhani ni uzee tu, kwamba mtu akizeeka anaona kila kitu kimebadilika."

"Si uzee."

"Na huu ukaa hauondoki?"

"Bahari inameza kama robo yake, maji yake yanazidi kuwa na tindikali, viumbe wenye makombe wanapata taabu kujenga nyumba zao. Misitu inavuta sehemu nyingine. Unaobaki unakaa. Sehemu ya huu wa leo bado itakuwepo wajukuu wa wajukuu zako wakiwa wazee."

"Ndio uliochukua paa langu?"

Bwana Upepo akasita, maana hakupenda kupiga chuku, hata kwa kumfariji mtu. "Siwezi kusema upepo ule mmoja ulitokana nao, mama. Ninachojua ni kwamba hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, na bahari yenye joto inazipa dhoruba nguvu. Zinazokuja zitakuwa nyingi za namna ile."

Bibi akatikisa kichwa. "Mambo makubwa hivi, na hukuniambia mezani."

"Nilikuwa nikiyasema, mama. Ukaliambia bomba nimezidi."

Mkaguzi akakohoa ili kuficha kicheko, hakufaulu. Mama mkwe akamgeukia, akamgeukia mkwe wake, na hatimaye naye akacheka, kicheko cha mtu aliyefungua kifungo cha shingoni. Jioni ile wakala wote wanne pamoja. Bwana Upepo akapewa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, akajisahau, akaivuta kwa kelele.

"Baba," mama mkwe akasema mbele ya watu wote, "hicho kikombe kina roho."

Mke wake akapiga makofi.

Takwimu za wiki zile zilitiwa alama nyekundu na kuwekwa kando. Kwenye ripoti, palipoandikwa "chanzo cha hitilafu", mkaguzi aliandika kwa uaminifu: mama mkwe. Mkurugenzi akapiga simu kutoka makao makuu kuuliza hiyo ni gesi ya aina gani. Alipofafanuliwa aliuliza kwa nini bomba lilikuwa usawa wa kinywa cha mtu, na fomu za Bwana Upepo zikapatikana kwenye droo, za upande huu na za upande wa pili. Baada ya mwezi mmoja mlingoti mpya ulisimama.

Hapo mama mkwe alipata kazi ambayo hakuna aliyempa. Kigoda chake alikihamishia chini ya mlingoti, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyepita pale akapumua ovyo. Watu waliopanda na shida zao aliwarudisha. "Shida yako mpelekee aliyekusababishia," aliwaambia, "kama ninavyofanya mimi." Kama walitaka kujua habari za hewa, aliwapeleka ukutani akawaonyesha mstari kuanzia gotini, akitumia mwiko kama fimbo ya mwalimu, na mpaka wafike darini alikuwa ameshawauliza wanachomachoma nini huko kwao. Kinyozi alikuwa akichoma takataka kila Jumamosi. Akaacha, kwa hofu ya mwiko.

Siku ya kuzindua mlingoti mkurugenzi mwenyewe alikuja. Alikuwa mtu mnene, na gari lake lilikuwa nene zaidi. Mama mkwe alilisimamisha nusu ya kilima.

"Moshi hauruhusiwi juu," akasema. "Shuka utembee."

"Bibi, mimi ndiye mkurugenzi."

"Vizuri. Basi unajua sababu."

Mkurugenzi akapanda kwa miguu, amevaa tai, hotuba kwapani. Alipofika juu alikuwa akihema kama mvukuto, na Bwana Upepo akatangulia mbio kumpokea. Lakini bibi alikuwa ameshasimama kati ya mgeni na mlingoti, kiganja kimeinuliwa kama askari wa barabarani.

"Kaa kwanza hapo kwenye jiwe," akamwambia. "Ukimaliza kuhema, nitakuita."

Mkurugenzi akamtazama Bwana Upepo. Bwana Upepo akamtazama mama mkwe. Kisha akapangusa lile jiwe kwa mkono, akamkaribisha mkubwa wake akae, naye akaketi kando yake kungoja.